Mtambo wa Langilangi

Moinaecha Madi alikuwa akifuta vumbi chumba cha juu, nyumbani kwa madam wake mtaa wa Al-Naseem, Riyadh, aliponusa harufu ya kwao. Kichupa kimoja cha mafuta ya manukato kilikuwa hakijafungwa sawasawa. Harufu ikatoka, tamu, nzito, yenye ukakasi kidogo wa majani mabichi chini yake, na yule mwanamke mzima wa karibu miaka arobaini akajikuta ameketi sakafuni, kitambaa mkononi, machozi yanamtoka.

Madam Hessa alimkuta vivyo hivyo.

"Unaumwa?"

"Hapana, madam. Haya ni maua ya kwetu."

"Kwenu Kenya kuna maua haya?"

Ndipo kwa mara ya kwanza Moinaecha alipojieleza. Pasipoti yake ilikuwa ya Kenya kweli, na Kiswahili chake kilikuwa cha Mombasa, Majengo, alikolelewa tangu alipokuwa mtoto mama yake alipoolewa huko. Lakini kuzaliwa alizaliwa Nzwani, kimoja cha visiwa vya Komoro, ambavyo Waarabu huviita Juzur al-Qamar. Kaka yake Soilihi alibaki huko kwa bibi yao na yuko huko hadi leo, katika kijiji cha mlimani upande wa Nyumakele. Kazi yake ni kuchemsha maua ya langilangi kwenye chungu kikubwa cha shaba, na kuukusanya mvuke, ukapoa, yakabaki mafuta.

Madam Hessa alikivuta kiti akakaa. Alikuwa mwanamke aliyeachika, mwenye watoto wawili shuleni na akili isiyolala. Manukato alianza kuyachanganya jikoni, akiyauza kwa simu kwa marafiki na marafiki wa marafiki, mpaka akaamua kufungua duka. Leseni ya duka lile aliipata ameketi kwenye zulia, simu mkononi, Moinaecha akimmiminia kahawa. Kikombe cha pili kilikuwa hakijaisha madam alipopiga kelele za furaha kwamba imetoka. Tangu siku hiyo aliamini kuwa biashara ni jambo la mtu kuamua tu.

"Mafuta haya nayanunua kwa mfanyabiashara wa Jeddah," alisema polepole. "Yeye anayanunua Ufaransa. Wafaransa wanayanunua kwenu. Na wewe mwenye maua umo nyumbani mwangu unafuta vumbi."

Alicheka. Moinaecha naye akacheka huku akijifuta macho. Jioni ile walimpigia Soilihi kwa video.

Umeme ulikuwa umekatika kule, kwa hiyo Soilihi alijimulika kwa tochi. Uso mwembamba, ndevu za mvi kidogo, meno mazuri. Akakimulika chungu chake, jinsi kilivyotiwa viraka ubavuni, na lile bomba la kupozea lililofungwa mpira wa baiskeli mahali lilipotoboka. Madam aliuliza mengi, na Moinaecha akawa anatafsiri huku na huku. Nani ananunua mafuta? Tajiri mmoja wa mjini, akasema Soilihi, na bei anaipanga yeye. Kuni je? Kuni zimekuwa mbali, milima imebaki mitupu. Kwa nini hamweki mtambo wa kisasa?

Soilihi alimwambia dada yake kwa lugha yao, "Mwambie anayeuliza hivyo bado hajakaa Nzwani."

Moinaecha hakuyatafsiri maneno hayo. Alisema, "Anasema hawana mtaji."

Kuanzia hapo maisha yake yalibadilika kwa namna ambayo hata majirani waliiona. Madam alimtafuta msichana wa Kihabeshi aje mchana kusaidia kufua na kudeki, na Moinaecha akapewa kiti katika chumba cha juu. Alijifunza kupima matone, kuandika vibandiko, kutenganisha udi mzuri na ule uliochovywa rangi. Chakula cha mchana walianza kula pamoja, sinia moja. Ikama yake, kile kibali cha ukaazi, ilikuwa bado imeandikwa mfanyakazi wa nyumbani, lakini nyumbani kwenyewe alikuwa akiitwa Moina na kuulizwa, "Wewe unaonaje?"

Velma, mwanamke wa Kakamega aliyefanya kazi nyumba ya pili, alisikia habari zote juu ya paa. Kila nyumba ilianika nguo juu, na kati ya paa na paa kulikuwa na ukuta mfupi tu.

"Wee Moina! Huyo madam wako ako serious?" aliuliza, kamba ya nguo ikiwa mabegani. "Yaani anaenda kujenga kampuni kwenu?"

"Mtambo. Kwanza mtambo mmoja. Yeye atoe mashine, sisi tutoe shamba na maua. Kaka yangu awe msimamizi."

"Na wewe?"

"Mimi niende na kurudi. Mwaka niko huku, mwaka niko kule."

"Haki ya nani, usinisahau. Mimi hata kufagia hiyo kampuni nitafagia, bora isiwe Riyadh."

Walicheka mpaka madam wa Velma akapiga makofi chini, yalla, yalla, na Velma akashuka mbio.

Muda si mrefu madam akasikia kuwa kuna mkutano Jeddah. Chama cha wafanyabiashara wa visiwani, pamoja na wasemaji wao, kimekuja kuwatafuta watu wenye mitaji. Akakata tiketi mbili.

Mkutano ulikuwa katika hoteli ya ufukweni. Kwenye skrini visiwa vilipita vimepigwa picha kutoka angani, kijani kibichi, na Moinaecha, aliyevaa abaya mpya aliyonunuliwa na madam, aliona fahari ambayo hakuwahi kuijua. Mzungumzaji alikuwa na Kiarabu kizuri. Mwekezaji ataingia kwa dirisha moja, alisema, atatoka na karatasi zake zote. Mashine zitaingia bila ushuru. Kodi itasamehewa miaka ya mwanzo. Ardhi ipo, vijana wapo, bahari ipo. Watu walipiga makofi.

Wakati wa kahawa madam alimgusa kiwiko. "Nenda kaongee nao kwa lugha yenu. Mimi wananiambia yale wanayotaka niyasikie. Wewe ni ndugu yao, watakuambia ukweli."

Moinaecha alimchagua kijana mmoja aliyekuwa akizipanga karatasi mezani peke yake, suti imempwaya. Alijitambulisha kuwa anaitwa Ankili, naye ni mtu wa Nzwani, Domoni. Aliposikia lugha ya nyumbani uso wake ulifunguka. Wakaulizana koo zao, wakakuta shangazi wa mmoja kaolewa karibu na kwa bibi wa mwingine. Kisha Moinaecha akamweleza habari ya mtambo.

Ankili alitazama kushoto na kulia.

"Dada, nikuambie kama ndugu yangu. Sheria tunazo, zimeandikwa vizuri, nimezisoma zote. Lakini kisiwani watakuambia ndiyo, ukifika makao makuu utaambiwa subiri. Ukileta karatasi ya kisiwani, watasema wanataka ya makao makuu. Umeme wenyewe unaujua. Na shamba, mna hati?"

"Babu yetu alikuwa kibarua wa kampuni ya Wafaransa. Walipoondoka, wafanyakazi wakagawana. Kijiji kizima kinajua ni letu."

"Kijiji kinajua. Hati je?"

"Hatuna."

"Basi siku mtakayoweka bati jipya juu ya shamba lile, atatokea mtu mwenye karatasi." Alishusha sauti zaidi. "Kaka yangu alirudi kutoka Marseille, akafungua kiwanda cha matofali. Sasa anauza vocha za simu kando ya barabara. Kama mama huyu unampenda, mwambie asubiri."

"Mbona basi mmekuja hapa kutuita?"

"Mimi nimepewa kazi ya kupanga karatasi, dada."

Madam Hessa alikuwa ameshafika, kikombe mkononi, macho yanang'aa.

"Anasema nini?"

Moinaecha alimtazama. Nyuma ya madam, kwenye skrini, picha za milima zilikuwa zikiendelea kupita. Neno "asubiri" lilimfika mdomoni likagoma kutoka. Alilisikia tangu utoto. Mama yake aliambiwa asubiri, bibi yake alikufa akisubiri, Soilihi ameota mvi akisubiri, na yeye mwenyewe amepanda ndege kuja kuosha vyombo vya watu kwa sababu alichoka kusubiri. Sasa amempata mtu mmoja, mmoja tu katika dunia yote, aliyeamka asubuhi akataka kuweka kitu Nyumakele.

"Anasema karibuni sana," alijibu kwa Kiarabu. "Anasema mkianza mapema ndiyo vizuri."

Ankili Kiarabu alikijua. Aliinamisha macho akatazama viatu vyake, kisha akarudi kwenye karatasi zake.

Alasiri madam alikwenda kutembelea jamaa zake, akampa Moinaecha ruhusa ya kutembea. Yeye alichukua teksi hadi mtaa wa Sharafiya, akapita katikati ya maduka ya simu na ofisi za kutuma pesa, akamnunulia Soilihi viatu vya kazi vyenye soli nene. Kisha akaingia mkahawa wa Wayemeni akaagiza wali, na wali ukapoa mbele yake. Alijiambia kesho kwenye ndege atamweleza madam yote. Atamwambia, nilikosea kutafsiri, nilichanganya. Hakuna kilichoharibika bado.

Lakini kwenye ndege, kabla hata mikanda haijafunguliwa, madam alitoa simu akamwonyesha mchoro wa chupa ndefu, kizibo cha dhahabu, na herufi za Kiarabu zilizopindishwa vizuri ubavuni.

"Soma."

Moinaecha alisoma jina lake. Moina.

"Ndilo jina la manukato yetu ya kwanza," madam alisema. "Unalia tena? Wewe mwanamke una machozi mengi."

Alimshika madam mkono akaubusu, na madam akauvuta kwa aibu.

Mtambo ulitengenezwa na mafundi wa Jeddah, wa chuma kisichoshika kutu, na tanki la kupozea na paneli za jua ili usitegemee umeme wa gridi. Ukatiwa kwenye kontena. Soilihi naye alichimba msingi, akasimamisha nguzo, akaezeka bati. Alituma picha kila hatua. Wanawake wanaochuma maua wakaja kumuuliza kama ni kweli, akawaambia ni kweli. Wakaacha kumpelekea maua tajiri wa mjini. Wakapalilia milangilangi iliyokuwa imeachwa kuwa pori, wakaipogoa ishuke ifikike kwa mkono. Mkewe Soilihi, Zalhata, alimwambia wifi yake kwenye simu kwamba kijiji kimekuwa kama kina harusi.

Meli ikafika. Soilihi alivaa kanzu safi na viatu vipya akashuka bandarini na barua ya msamaha wa ushuru, yenye mhuri wa kisiwa.

Sauti yake ilianza kuja kwenye simu, vipande vipande, wakati wowote umeme uliporudi na akaweza kuchaji.

"Moina, leo wamesema huu mhuri si wenyewe. Wanataka wa makao makuu. Nakwenda Ngazija."

"Moina, niko Moroni. Mkubwa anayesaini amesafiri. Naambiwa nisubiri."

"Moina, amesaini. Lakini ameandika 'mashine', na kwenye karatasi za meli imeandikwa 'tanki na vifaa vyake'. Yule wa bandarini anasema hivyo ni vitu viwili. Nimemwomba, nimempigia magoti, wallahi nimempigia magoti mbele ya watu."

"Moina, barua ya kwanza imekwisha muda. Tunaanza upya. Na kontena linahesabiwa pango kila siku linapokaa pale."

Moinaecha alisikiliza akiwa bafuni, maji yakitiririka ili asisikike, kisha alitoka akampelekea madam toleo lililolainishwa. Kuna karatasi moja imebaki. Kuna sikukuu, ofisi zimefungwa. Wiki ijayo.

Madam mwanzoni alipigana. Alipiga simu, alituma nyaraka, alitafuta wakili wa huko, akamlipa. Alikuwa na nguvu za mtu ambaye hajawahi kuona mlango uliokataa kufunguka.

"Mimi naleta mali yangu," alikuwa akisema, akizunguka chumba cha juu. "Sichukui, naleta! Nchi gani inamsimamisha mtu mlangoni kwa sababu ana mzigo wa kuwapa?"

Msichana wa Kihabeshi alikuwa ameachishwa kazi. Moinaecha alirudia kudeki.

Kisha akatokea mtu mwenye karatasi. Alikuwa na duka kubwa mjini, na akasema shamba lile baba yake alilinunua kwa mzungu wa kampuni kabla hajaondoka. Kadhi aliwasikiliza wazee wa kijiji, akasema shamba ni la akina Soilihi. Mahakama ya serikali ikasema maneno ya wazee si hati, ikaamuru ujenzi usimame mpaka kesi iamuliwe. Lini? Hakimu alikuwa amehamishwa, mwingine hajafika.

Na katikati ya hayo maua yakafunguka. Langilangi haijui kesi. Likichumwa ua alfajiri, lazima lichemshwe siku ileile, la sivyo linaoza. Wanawake walichuma kwa sababu walikuwa wameahidiwa. Soilihi alikesha na chungu chake cha zamani, kikachemka mpaka kiraka kikafumuka. Waliobaki na maua walikwenda kwa tajiri wa mjini, wakakuta geti limefungwa na mlinzi amepewa ujumbe, waende kwa Mwarabu wao. Walirudi navyo vikapu. Mmoja baada ya mwingine walivimwaga mbele ya mlango wa Soilihi, bila kumtukana, na hilo ndilo lililomuua moyo. Lundo lile la maua lilikuwa la manjano asubuhi. Kufika alasiri lilikuwa la kahawia, na harufu yake ilikaa nyumbani humo kiasi kwamba watoto walitapika.

"Laiti wangenitukana," Soilihi alimwambia dada yake. Ilikuwa simu ya kawaida, si ujumbe wa sauti, na alizungumza taratibu sana. "Nikipita barabarani wananiamkia. Halafu wananyamaza. Moina, yule madam wako hakuambiwa na mtu yeyote? Huko kwenye mkutano hakukuwa na mtu wetu mmoja wa kumwambia ukweli?"

Moinaecha alishikilia simu kwa mikono miwili.

"Walikuwapo wengi," alisema.

Madam Hessa alimuuliza swali hilohilo baada ya siku chache. Alikuwa ameketi kwenye ngazi, katikati ya chini na juu, mahali ambapo si kawaida yake kukaa. Duka lilikuwa limefungwa mlango mmoja, na pango la mlango wa pili lilikuwa limemshinda. Maboksi ya chupa ndefu zenye kizibo cha dhahabu yalipangwa ukutani nyuma yake, chupa zote tupu.

"Yule kijana wa hotelini," alisema bila kuinua kichwa. "Aliongea muda mrefu. Wewe ulinitafsiria maneno mawili. Alisema nini hasa?"

Angeweza kudanganya tena, na madam angelikubali, kwa kuwa alikuwa amechoka. Lakini Moinaecha naye alikuwa amechoka. Aliketi ngazi ya chini yake akamweleza yote: dirisha moja lisilokuwapo, mihuri miwili, umeme, hati, kaka mwenye kiwanda cha matofali. Na lile neno la mwisho, asubiri.

Adhana ya alasiri ikaanza na kwisha ndipo madam akauliza.

"Kwa nini?"

"Nilitaka ije, madam. Nilitaka mara moja tu ije."

"Nilikutuma kwa sababu niliamini utaniambia."

"Najua."

"Nilikula na wewe sinia moja."

"Najua, madam."

"Halas, yamekwisha," alisema Madam Hessa, akasimama akapanda juu. Hakumpigia kelele, hakumkata mshahara, hakumnyang'anya simu kama wengine wanavyofanya. Kwa siku zilizofuata alimpa maagizo kupitia kwa watoto. Kisha akamwambia, kwa adabu, kwamba ana shangazi mgonjwa Jeddah anayehitaji mtu wa kumuuguza, na kwamba karatasi za kumhamishia kwa kafili mwingine, mwajiri wa kumdhamini, zimeshakamilika. Zilikamilika kwa simu, kama leseni.

Velma alimuaga juu ya paa. Alikuwa amemletea chapati zilizofungwa kwenye karatasi ya fedha.

"Si ungenyamaza tu?" Velma alisema. "Hata sasa angekuwa bado anakupenda. Nani alikutuma useme?"

"Sijui."

"Mimi ningekuwa wewe ningenyamaza hadi kaburi. Haki, Moina, ukweli ulikuwa wa kusema mapema ama usiseme kabisa."

Moinaecha aliona kwamba ni kweli, na kwamba hakuna la kufanya kuhusu hilo. Walishikana mikono juu ya ule ukuta mfupi, nguo za familia mbili zikipepea pembeni mwao.

Nyumba ya Jeddah ilikuwa ya bibi kizee aliyepooza upande mmoja, na binti yake aliyekuja mchana kusimamia. Kazi ilikuwa kugeuza, kuosha, kulisha, kugeuza tena. Bibi yule hakuwa mbaya. Aliita majina ya watu waliokwisha kufa, na Moinaecha akawa anaitika kwa majina yote.

Ni huko alikopata habari za kontena. Pango lilipozidi thamani ya mzigo, lilipigwa mnada. Mtambo ulinunuliwa na tajiri wa mjini, yuleyule wa zamani, kwa bei ya vyuma chakavu. Akauweka uani kwake akaufunika turubai. Maua ya kutia ndani hayakuwapo tena, kwa sababu Nyumakele walikuwa wameng'oa milangilangi wakapanda muhogo. Muhogo unaliwa, walisema, hata usiponunuliwa.

Soilihi hakumuaga mtu. Aliacha viatu vya Sharafiya mlangoni, kwa kuwa viatu vizito si vya safari ile, akapanda boti la usiku linalovusha watu kwa magendo kwenda Maore, kisiwa jirani kilichobaki na Wafaransa, ambako kuna kazi na kuna polisi wa kuwakamata wanaozifuata. Zalhata alidhani amekwenda mjini Mutsamudu kwenye kesi. Boti lile halikuonekana likifika wala kurudi. Kila mwenye jamaa Maore alimpigia simu. Waliotafuta vituo vya polisi hawakumkuta, waliotafuta hospitali hawakumkuta.

Moinaecha aliposikia alikuwa na kijiko cha uji mkononi. Alimlisha bibi mpaka bakuli likaisha, akamfuta kidevu, akamlaza. Ndipo akaingia bafuni akafungua maji. Hakulia. Alijaribu, akakumbuka jinsi alivyokuwa mwepesi wa machozi zamani, akasimama tu akitazama maji yanavyokwenda.

Kwa miezi alikuwa akimpigia Zalhata kila Ijumaa, na kila Ijumaa wakiambiana kwamba hakuna habari. Walianza kuongea juu ya mambo mengine: meno ya mtoto mdogo, bei ya mchele, mvua. Kesi ya shamba ilikuwa bado. Hakimu mpya alikuja akaugua. Banda la Soilihi lilibomolewa kidogokidogo, leo bati, kesho nguzo, na watu waliokuwa na shida ya bati na nguzo, na Zalhata hakuwakataza.

Ijumaa moja Zalhata alianza kwa kumsalimu kwa urefu, akauliza habari za bibi mgonjwa, akauliza kama nyumba za huko ni kubwa.

"Wifi," alisema. "Watoto nitawaacha kwa mama. Nitafutie kafili."

"Zalhata, kazi ya huku unaijua?"

"Siijui. Ya huku kwetu naijua."

Moinaecha alitaka kumwambia asubiri kidogo, wamalize kwanza kutafuta, labda Soilihi yuko mahali amefungwa, labda kesi itaisha, labda mvua za mwaka huu. Maneno yote aliyapanga. Hakuweza kulitoa hata moja.

"Nitauliza," alisema.

Binti wa bibi alipokuja mchana, Moinaecha alimweleza kwamba ana wifi yake visiwani, mwanamke mwenye nguvu, mstaarabu, hajui Kiarabu lakini atajifunza. Binti hakuuliza sana. Alisema jirani yake anahitaji mtu, akaandika ujumbe kwenye simu, akaendelea kula tende. Simu ikalia hata kabla hajaosha vidole.

"Wamekubali," alisema. "Mwambie atume picha ya pasipoti leo. Akiwa tayari, wiki ijayo anaweza kuwa ameshapanda ndege."